Vyungu kumi na vinne vilivyoingia ndani usiku mmoja: kisa cha fikasi ya shangazi

Shangazi alinipigia simu asubuhi ya siku ya 22 tangu aingize mimea yake ndani. Najua ni ya 22 manake ana kidaftari chake cha bustani anaandika kila kitu humo, na nilipomaliza tu kumwamkia akasema, mwanangu, mti wangu unaniaga.

Mti wenyewe ni fikasi, ile ya majani madogo yenye ncha, Ficus benjamina, ana nayo miaka 12, imemzidi urefu. Kiangazi chote ilikuwa nje kwenye kona ya bustani ikimeremeta. Sasa kila akiamka anakuta majani kwenye zulia, mengine ya njano mengine bado kijani kabisa, na asubuhi ile alikuwa ameokota 41. Amehesabu. Shangazi ni mtu wa kuhesabu.

Naandika kisa hiki chote mwanzo mpaka mwisho kwa sababu kila vuli ikiisha, yaani baridi kali ikikaribia, naulizwa swali hilohilo na watu wanaotoka bustanini na kuhamia kwenye mimea ya ndani, na karibu kila mara jibu wanalotaka ni dawa gani ninunue. Kwa shangazi hakukuwa na dawa ya kununua. Kulikuwa na mambo manne yametokea kwa pamoja, na lililoua zaidi ndilo ambalo yeye alikuwa akilifanya kwa upendo kila siku.

Kwanza mazingira yenyewe. Bustani alikuwa ameifunga vizuri sana, hapo sina neno. Nyanya zimeng'olewa, viazi vya maua ya dalia vimechimbwa baada ya jalidi ya kwanza kuunguza majani, vimekaushwa na kuwekwa kwenye boksi la maranda sehemu kavu isiyoganda, vitanda vimefunikwa majani makavu, majembe yameoshwa na kupakwa mafuta. Kazi ya wiki mbili. Ila vyungu vya nje aliviacha mwisho, kwa kuwa vilikuwa bado vinapendeza, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Kidaftari kinaonyesha usiku kumi na moja mfululizo ambapo joto lilishuka chini ya nyuzi 10, na usiku tatu kati ya hizo lilifika 3 na 4. Jalidi ile iliyounguza dalia kule chini bondeni mwa bustani haikufika ukutani palipokuwa na vyungu, akaona basi viko salama. Halafu ikatangazwa baridi kali zaidi usiku wa Jumamosi, akamwita mjukuu wake, na kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku wakabeba vyote 14 wakaviingiza sebuleni. Fikasi moja, mlimau mmoja, haibiskasi mbili, jereniamu tano, mrehani, rozmari, alovera, na sanseveria mbili.

Vyote kwa pamoja, usiku, bila kuangaliwa chini ya majani, kutoka nyuzi 4 kwenda 22 na hita inawaka. Nataka uliweke hilo kichwani kwanza.

Nilifika kwake siku ya pili yake. Niseme jambo nililolifanya ambalo nawaomba mlifanye na nyie kabla ya kugusa mmea wowote unaoumwa. Sikuenda kwenye mti. Nilikaa kwenye kiti nikamwambia shangazi nieleze siku yako, ukiamka unafanya nini. Akasema naamka, nachemsha chai, nachukua jagi, nazunguka namwagilia watoto wangu, kila mmoja kikombe. Kila siku shangazi? Kila siku, akasema, bustanini si nilikuwa namwagilia kila siku, kiangazi kile ukiruka siku moja tu wanalegea.

Na ni kweli kabisa anachosema. Chungu kikiwa nje kwenye jua la kiangazi, upepo unapita, majani yanavuta maji kutwa nzima, udongo unaweza kukauka kati ya asubuhi na jioni. Kwa hiyo mkono wake umefundishwa na bustani miezi mitano kwamba maji ni kila siku, na bustani ilimfundisha sawasawa. Ila bustani imefungwa, jembe limepakwa mafuta, mkono bado unataka kazi, kazi pekee iliyobaki ndani ya nyumba ni jagi. Mi naona hapa ndipo mimea mingi ya ndani inapofia wiki hizi, mikononi mwa mtu mwenye bidii ambaye kazi yake imeisha ghafla.

Sasa twende kwenye mti. Nilitoa simu, kuna programu ya kupima mwanga, si sahihi kama kifaa chenyewe lakini kwa kulinganisha inatosha. Nje siku ile ya mawingu ilisoma kama laksi (kipimo cha mwanga) elfu 11. Kwa kulinganisha, jua kali la mchana wa kiangazi linafika hadi laksi laki moja. Nikaweka simu kwenye kioo cha dirisha la sebule, elfu 2 na kitu. Nikaenda ilipo fikasi, pembeni ya kochi, mita tatu kutoka dirishani, nikasoma 140.

Shangazi akaangalia ile namba akasema lakini hapa mbona kunang'aa. Ndiyo, kwa macho yetu kunang'aa, jicho la binadamu linajirekebisha lenyewe, mboni inafunguka, ubongo unasawazisha, hatuoni tofauti ya mara mia. Mmea hauna hiyo. Mmea unakula mwanga, na ukiupeleka kutoka kwenye makumi ya maelfu ya laksi kwenda 140 umeunyima chakula. Kila jani linapumua na kutumia sukari usiku na mchana, na kuna kiwango cha mwanga ambacho chini yake jani linatumia kuliko linachotengeneza. Jani likifika hapo limekuwa mzigo, mti unalitupa. Unajenga tabaka jembamba la kutengana pale kikonyo kinapoungana na tawi, unarudisha ndani unachoweza kurudisha, jani linadondoka. Ndo maana ukiokota jani la fikasi lililodondoka hivo unaona mwisho wake ni safi, laini, kama limekatwa kwa wembe, halijachanika.

Na tena majani yaliyokua juani ni mazito, madogo, yametengenezwa kwa mwanga mwingi, hayabadiliki kuwa majani ya kivulini hata uyabembeleze vipi. Mti inabidi uyaache na uote mengine, mapana kidogo na membamba, ya kazi ya ndani. Kwa hiyo fikasi kupukutisha kiasi ukiiingiza ndani ni jambo la kawaida kabisa na peke yake lisingenitisha. Mtu anayekwambia fikasi yake haijawahi kudondosha hata jani moja ikihamishwa, huyo anaihamisha taratibu sana au ana dirisha zuri sana.

Kilichonitisha ni harufu. Niliinama kuangalia chini ya chungu nikasikia harufu ya dimbwi. Shangazi alikuwa amekitia chungu cha plastiki chenye matundu ndani ya chungu kingine kizuri cha kauri, cha urembo, ambacho hakina tundu, kwa sababu ndani ya nyumba hataki maji yachafue zulia, jambo linaloeleweka. Tukakiinua kile cha ndani, wawili, mimi huku yeye kule, na chini yake kulikuwa na maji meusi kina cha vidole vitatu. Siku 22 za kikombe kimoja. Mizizi ya chini ilikuwa imesimama ndani ya maji hayo bila hewa.

Tulitandika magazeti tukautoa mti kwenye chungu. Hapa nisikilizeni vizuri maana hii ndiyo sehemu ambayo maneno hayatoshi mpaka uone. Nusu ya juu ya donge la udongo mizizi ilikuwa mizuri, ya rangi ya maziwa na kahawia hafifu, migumu, ukiivuta inakataa. Chini, karibu theluthi moja, ilikuwa kahawia iliyokolea, na nilipoushika mzizi mmoja kwa vidole viwili nikavuta kidogo, ngozi ya nje ikavuka yote kama soksi, ikabaki nyuzi nyembamba tupu katikati. Huo ni mzizi uliokufa, hauna mjadala. Nikampa shangazi avute mwingine mwenyewe. Akavuta, ngozi ikavuka, akanyamaza muda mrefu, halafu akasema kwa sauti ndogo, kumbe ni mimi.

Nikamwambia si wewe peke yako, ngoja tumalize uchunguzi.

Maana mtu akishaona kosa moja anaacha kutafuta mengine, na hapa palikuwa na mengine. Swali la kwanza ni je, ile baridi ya usiku kumi na moja ilihusika? Mimea ya asili ya joto wengi wanadhani inadhuriwa na kuganda tu, lakini mingi inaanza kuumia chini ya nyuzi 10 hivi kabla hata maji hayajawa barafu. Ushahidi ulikuwa kwenye mrehani. Mrehani ule uliingia ndani tayari majani yana mabaka meusi, na siku ya nne ulikuwa umekwisha. Huo uliuawa na baridi, si maji, na uliuliwa nje wiki moja kabla. Kwenye fikasi mabaka ya namna hiyo hayakuwepo, majani yaliyokuwa yamebaki yalikuwa safi. Kwa hiyo baridi iliuchosha mti, na mizizi iliyopoa hainywi maji vizuri, lakini haikuuangusha.

Swali la pili, wadudu. Nilichukua karatasi nyeupe nikaiweka chini ya tawi nikaligonga mara tatu kwa kidole. Kwenye fikasi hakuna kitu. Kwenye haibiskasi ya kwanza yakadondoka mavumbi madogo, na ukiyatazama kwa subira yale mavumbi yanatembea. Utitiri mwekundu. Chini ya majani kulikuwa na utando mwembamba kwenye pembe za mishipa, juu ya majani nukta nukta za njano kama yamechomwa sindano. Wale walikuwepo nje tangu kiangazi, wachache, mvua ikiwaosha na wadudu wengine wakiwala. Ndani hakuna mvua, hakuna wa kuwala, na kuna hita. Kwenye joto la nyuzi 27 hivi yai la utitiri linafika kuwa mdudu mzima kwa wiki moja au zaidi kidogo, na hewa kavu ndiyo starehe yao. Kipima unyevu cha shangazi kilisoma asilimia 28. Mimea mingi ya asili ya misituni inataka angalau 40 kwenda 60.

Na palikuwa na usubi, wale wadudu weusi wadogo wanaorukaruka usoni ukitazama runinga. Shangazi alidhani wanatoka jikoni. Wanatoka kwenye udongo uliolowa, wanataga humohumo kwenye sentimita chache za juu, lava wanakula ukungu na mizizi laini, mzunguko mzima kama wiki tatu hadi nne. Kwa hiyo kuonekana kwa usubi siku ya 20 hivi kulikuwa ni kipimo cha maji tosha, bila hata kuinua chungu.

Swali la tatu lilikuwa je, mti bado uko hai. Hilo ndilo ambalo shangazi alikuwa anaogopa kuuliza. Nilikwangua gome kidogo kwa ukucha kwenye tawi lililopukutika lote, chini ya ngozi palikuwa kijani mbichi, na hapohapo ukatoka utomvu mweupe kama maziwa. (Utomvu huo unawasha ngozi ya baadhi ya watu, osha mikono.) Nikakwangua ncha ya tawi jingine la chini, kahawia, kavu, hakuna kitu. La juu kabisa, kijani. Kwa hiyo mti uko hai isipokuwa vitawi vichache vya ndani. Shangazi alikaa chini.

Basi majibu, kwa maoni yangu. Mwanga ulipunguzwa karibu mara mia kwa usiku mmoja. Maji yakaendelea yaleyale ya kiangazi kwenye mti usio na chakula wala kazi ya kufanya nayo. Maji hayo hayakuwa na pa kutokea. Halafu baridi ya nyuma na hewa kavu vikaongezea juu yake. Ukiniuliza kosa kuu hapo ni lipi nitasema ni la pili, kwa sababu fikasi yenye mwanga mdogo na udongo mkavu kidogo inapukutisha na kusubiri, fikasi yenye mwanga mdogo na mizizi ndani ya dimbwi inaoza. Kiasi cha maji kinafuata mwanga. Kwenye latitudo ya 50, mbali na ikweta, siku fupi kuliko zote ina saa kama 8 za mchana wakati ndefu kuliko zote inapita 16, na hapo sijahesabu kwamba jua lenyewe limeinama na mwanga unapita kwenye kioo. Hakuna ratiba ya jagi inayoweza kuwa moja kwa nyakati hizo mbili.

Tulichofanya. Mizizi iliyooza niliikata yote kwa mkasi niliokuwa naupangusa na spiriti, mpaka nikafika kwenye mizizi migumu. Donge likapungua, kwa hiyo tukaurudisha mti kwenye chungu kidogo zaidi ya kile cha mwanzo, udongo mpya wenye pelaiti nyingi (punje nyeupe nyepesi za mwamba) ili hewa ipite. Watu wanashangaa chungu kidogo, wanataka kuupa mgonjwa chumba kikubwa, lakini udongo mwingi kuliko mizizi unabaki umelowa muda mrefu na tunarudi palepale. Mbolea hapana kabisa. Shangazi alikuwa ameshaishika chupa mkononi, aupe nguvu. Mmea usiokua hautumii mbolea, chumvi zake zinabaki kwenye udongo zinaunguza mizizi iliyobaki, subiri mpaka majira ya kuchipua uone majani mapya. Matawi sikupogoa siku ile isipokuwa yale yaliyokauka, niliona umeshapoteza vya kutosha.

Tukausogeza dirishani, sentimita 50 kutoka kwenye kioo, na tukafunga taa ya LED ya mimea juu yake, saa 12 kwa siku kwa kidude cha kuwasha na kuzima chenyewe. Kile chungu cha kauri kikabaki na kazi yake ya urembo ila sasa ndani yake chini tumeweka kokoto, na kila akimwagilia anasubiri nusu saa anamwaga kilichobaki.

Vingine kwa haraka. Haibiskasi zote mbili zilienda bafuni zikaogeshwa kwa maji ya vuguvugu, chini ya kila jani, halafu sabuni ya maji iliyochanganywa kidogo sana, na hiyo ikarudiwa kila baada ya siku tano mara nne, maana sabuni haiui mayai na ukiogesha mara moja ukaacha umewapa likizo tu. Jereniamu tulizipogoa nusu ya urefu tukazipeleka kwenye chumba cha nyuma kisicho na hita, nyuzi kama 10, chenye dirisha, zinapewa maji kidogo kila baada ya wiki kadhaa, zilale. Rozmari ilienda hukohuko, yenyewe inataka mwanga na ubaridi, kuiweka jirani na hita ni kuikausha ikiwa bado kijani, utagundua imekufa siku unayoigusa. Alovera na sanseveria niliomba tu zisahauliwe, maji mara moja kwa mwezi na hata chini ya hapo.

Mlimau ulinipa kazi peke yake. Ulikuwa dirishani kwenye jua zuri na bado unadondosha majani, udongo haujalowa sana, wadudu hakuna. Nikaweka mkono sakafuni, vigae baridi kama barafu. Nikachoma kipimajoto cha jikoni kwenye udongo kikasoma 11. Michungwa na milimau mizizi yake ikishuka chini ya nyuzi 12 au 13 hivi inakuwa kama imelala, wakati majani juu yapo kwenye jua la dirishani na joto la chumba yanaomba maji, chini hakuna anayejibu, basi yanatupwa. Tukauinua juu ya kiti cha mbao. Ni hivo tu. Baada ya wiki mbili ukaacha kudondosha.

Kuhusu hewa kavu, shangazi alikuwa ananyunyizia majani maji asubuhi na jioni kwa kichupa. Sikumkataza kwa ukali, lakini nilimwonyesha kipima unyevu. Akinyunyizia kinapanda, dakika chache kimerudi 28. Tukapunguza hita kidogo, tukakusanya mimea pamoja, na haibiskasi ndogo iliyobaki fimbo tupu tukaifunika mfuko wa plastiki angavu nje ya jua kali. Kanuni hiyo ni ya zamani, daktari Nathaniel Bagshaw Ward wa London aliiona mwaka 1829 kwenye chupa aliyokuwa amewekea pupa ya nondo (hatua ya kabla hajawa nondo kamili), ndani ya chupa iliyofungwa ikachipua kangaga na nyasi, unyevu unapanda unagonga kioo unarudi chini, na visanduku vya kioo alivyovitengeneza baadaye vilibeba mimea hai baharini miezi kadhaa. Mfuko wa shangazi ulifanya kazi ileile kwa wiki tano.

Halafu kuna kitu alichoniuliza ambacho nilikipenda. Kwenye dirisha la jikoni ana vayoleti ya Usambara, ina maua mwaka mzima, na anaimwagilia pia. Mbona ile haifi? Nikamwambia ile haijatoka popote, iko dirishani hapohapo siku zote, mwanga wake haujabadilika ghafla kama wa wenzake. Na kwao, milima ya Usambara kule Tanzania, inaota kwenye miamba yenye kivuli chini ya miti, walipoichukua Wajerumani na kuiandika kisayansi mwaka 1893 ilikuwa tayari ni mmea wa mwanga wa kuchujwa. Dirisha la jikoni lisilo na jua la moja kwa moja linafanana na kwao. Fikasi ya bustanini kwao kulikuwa ni jua la bustani, na ilikuwa na miezi mitano ya kuzoea.

Lakini nikirudi nyuma, jambo lililonipa shida kuliko yote halikuwa mizizi. Ilikuwa ni shangazi asubuhi na jagi lake. Nilimwambia usimwagilie mpaka kidole kiingie sentimita nne na kikute ukavu, akakubali, na siku ya tatu akanipigia, mwanangu nakaa hapa naitazama tu, naona kama naitesa. Nikaelewa kwamba siwezi kumnyang'anya kazi bila kumpa nyingine. Kwa hiyo tukapanga kazi. Asubuhi anachukua kitambaa chenye maji anapangusa majani ya mmea mmoja, juu na chini, mmoja tu kwa siku, na hapo anakagua wadudu. Vumbi linazuia mwanga kweli, si kazi ya kubuni. Anazungusha kila chungu robo duara kila wiki. Anainua kila chungu kwa mkono kupima uzito na kuandika kidaftarini chepesi, kizito, cha kati. Na nikamletea vitunguu viwili vya ua la amarilisi (vya kupanda, si vya kula), vinachukua kama wiki sita hadi nane kutoka kupandwa mpaka ua, ili awe na kitu kinachoota mbele ya macho yake wakati fikasi imesimama kimya.

Majani yaliendelea kudondoka siku kumi na mbili baada ya matibabu. Hizo zilikuwa siku mbaya, kila siku ananiambia namba. 30, 26, 26, 17. Siku mbili za sifuri halafu 9. Halafu sifuri. Mti ulibaki na kama robo ya majani yake, yote nchani, unasikitisha kuutazama, na kwa wiki tano haukufanya lolote. Usubi waliisha wenyewe udongo ulipokauka juu, na karatasi za njano zenye gundi zikamalizia waliokuwa wanaruka. Haibiskasi kubwa ilipona, ndogo ilifunguliwa mfuko ikaota majani manne ikakaa hapo. Jereniamu nne kati ya tano ziko hai, moja ilioza shina, na mrehani ulishakwenda. Kwa hesabu yake ni 12 kati ya 14.

Mwaka huu kidaftari chake kina mstari mpya umepigwa kalamu nyekundu mwishoni mwa kiangazi, usiku ukigusa nyuzi 13 vyungu vinaanza kutoka juani kwenda kivulini ukutani, wiki mbili, vinaogeshwa na kukaguliwa hukohuko nje, ndipo vinaingia, vitatu vitatu, kila kimoja kikiwa kimeshapangiwa dirisha lake. Mimi nilitaka fikasi ibaki ndani moja kwa moja, isihamishwe tena. Hajakubali. Anasema mti unapenda nje, na miaka 12 anaujua kuliko mimi, kwa hiyo utatoka, taratibu, na utarudi taratibu.

Wiki ya saba baada ya matibabu yale nilipita kwake jioni. Amarilisi moja ilikuwa imefungua, nyekundu, amarilisi ya pili bado. Shangazi hakunionyesha hiyo. Alinishika mkono akanipeleka kwenye fikasi, akawasha tochi ya simu, akanielekeza kwenye tawi ambalo lilikuwa tupu kabisa, na pale kwenye kovu la jani kulikuwa na kitu cha kijani kimesokotwa kama ncha ya sindano. Kulikuwa na vingine, alishavihesabu, 63. Nikamuuliza umemwagilia lini. Akainama akakiinua chungu kidogo kwa mikono miwili, akakishusha, akasema hiki bado, Alhamisi labda.